Mimea Vamizi: Nani Aliyeifungulia Mlango?

Kuna asubuhi ambapo anayesimama katika ufuo wa Dunga, mjini Kisumu, huona uwanja wa kijani mahali alipotarajia maji. Upepo umelisukuma gugu maji hadi ufuoni, nao wavuvi wamekaa kitako wakingoja upepo mwingine ulirudishe ziwani. Siku ambayo mtumbwi hautoki ni siku isiyo na samaki. Na kwa mtoto anayelipiwa karo kwa samaki, huenda ikawa siku ya kurudishwa nyumbani. Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa mtoto huyo.

Wataalamu wa mazingira huiita mimea ya aina hii mimea vamizi. Siipingi istilahi hiyo, kwani inaeleza vyema yale ambayo mmea hutenda ukishaingia. Ninalolilalamikia ni lile inalolificha. Mvamizi ni yule avunjaye mlango. Mimea hii haikuvunja mlango wa mtu, ilifunguliwa.

Tutazame mifano. Gugu maji asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake ya zambarau, likawa pambo la vidimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Fukusi walioachiliwa ziwani ili walitafune walisaidia kulipunguza, lakini limerejea mara kwa mara. Mti wa mathenge nao ulipandwa Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, wakafika mahakamani Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Hata Ulaya hali ni hiyo hiyo: rododendro lililopelekwa Uingereza katika karne ya 18 kupamba bustani limesonga misitu, na chini ya kivuli chake miche ya miti mingine haioti.

Kuhusu lantana, Kiswahili chenyewe kina onyo. Kichaka hiki hupandwa kwa kuwa ni ua lipendezalo macho. Hupandwa pia kuwa ua wa boma. Na ng'ombe akila majani yake kwa wingi, sumu yake huharibu ini na huweza kumuua. Ua, ua na kuua: maneno matatu, mmea mmoja, na mkono ulioupanda ni wetu.

Isitoshe, mgeni huyu tunamlisha. Gugu maji hunawiri kwa rutuba iliyozidi majini, nayo rutuba hiyo huletwa na maji taka yanayopitia mto Kisat na mbolea inayosombwa kutoka mashambani. Tukilaani gugu bila kutaja maji taka, tunamsingizia mgeni njaa ya kwake ilhali sahani tumemjazia sisi.

Je, haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa kuwa jina ni elimu. Waluo huiita lantana nyabend winy, jina linalotaja ndege. Na kweli ndege ndio wanaokula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Hapo pana somo zima la baiolojia katika maneno mawili. Sisi, kwa upande wetu, hukimbilia kuunda istilahi mezani kabla ya kuwauliza wavuvi na wafugaji wanauitaje mmea, na jina hilo linasema nini.

Napendekeza vyama vyetu vya Kiswahili viwatume wanafunzi nyanjani, katika fuo na malishoni, wakusanye majina haya pamoja na maelezo yake. Kisha kila tunapoandika mimea vamizi, tuongeze sentensi moja: nani aliuleta, na kwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini huwezi kuuziba ufa ambao lugha yako haijakubali kuutaja.