Macho Mekundu Si Ulevi



Mwezi Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulivuma Dar es Salaam, ukaingia Mombasa, na kufika Machi ulikwisha thibitishwa hapa Uganda. Siku zile tulipita viwandani tukaona jambo lililotuudhi. Kibarua machozi yanamtoka, kope zimevimba, lakini yuko kwenye mashine. Tukamwuliza kwa nini hakupumzika. "Nikilala nyumbani, watoto watakula nini?" Msimamizi alidhani amekesha pombeni.

Ugonjwa huu huletwa na virusi. Hupita kwa mikono, kwa taulo, kwa kitasa cha mlango, kwa nyundo aliyoshika mgonjwa. Wengi hupona wenyewe katika wiki moja hadi tatu, na dawa za kuua bakteria haziviwezi virusi. (Wanaotia mkojo au maji ya majani machoni tunawaomba waache, jicho huweza kuharibika kabisa.)

Matajiri wengine husema huo ni uchafu wa majumbani kwetu. Sivyo! Mwaka 1941 na 1942, wakati wa vita, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya kuunda meli huko Marekani waliugua macho, hata maradhi yakaitwa jicho la kiwanda cha meli. Waliyapata wapi? Wengi waliyapata katika zahanati za viwanda vyenyewe. Mtu aliingia kutolewa chembe ya chuma jichoni, mtibabu hakunawa mikono vizuri, vyombo havikusafishwa sawasawa, naye akatoka na virusi. Wengine walibaki na ukungu machoni kwa miezi, na fundi asiyeuona mstari wake hana kazi.

Basi sisi tunadai sabuni na maji ya bomba katika kila karakana, miwani ya kukinga macho kwa kila mtu na yake, vyombo safi katika zahanati, na likizo yenye mshahara kwa mgonjwa, kibarua akiwemo. Kumkata mtu ujira wa siku alizougua ni kumwamuru aje kuambukiza zamu nzima. Hesabu hiyo hata meneja anaijua.

Katika kiwanda kimoja tulikuta bomba moja na taulo moja kwa zamu nzima. Tulimwonyesha meneja taulo lile. Akaahidi kuleta la pili. Wajumbe wa tawi wamekwisha andika barua kumweleza kwamba hatukuomba taulo la kushirikiana, na jibu bado tunalingoja.