Kete huliwa, hazinywewi

MCHEZO wa ubao ukiwekewa pombe mahali pa kete huwa si mchezo ule tena. Ughaibuni huuzwa seti za sataranji na drafti ambazo kila kete ni kiglasi kidogo. Katika kanuni mojawapo ya uchezaji, anayekula kete ya mwenzake hunywa kilichomo. Hivyo basi, anayeongoza ndiye anayelewa kwanza, na kadiri anavyoshinda ndivyo akili inavyompungua.

Mtindo huo ukibisha hodi katika Mji wa Kale wa Mombasa, utakuta nini barazani? Utakuta bao lenye mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na pembeni dele la kahawa chungu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliutungia mchezo huu shairi. Fundi wa bao huhesabu mzunguko mzima kichwani kabla ya kugusa kete: aanzie shimo lipi, ale wapi, na kete ya mwisho italala wapi. Mlevi hana uwezo wa hesabu hiyo.

Si kwamba kisiwa hiki hakikijui kileo. Ingawa wakazi wengi wa Mji wa Kale ni Waislamu, ambao pombe kwao ni haramu, mangwe za mnazi na baa ni mambo ya siku nyingi mjini Mombasa. Lakini hebu tutazame drafti ya mitaani. Kete zake ni vizibo vya chupa. Mmoja huvilaza vikitazama juu, mwenzake huvifudikiza. Wenzetu waligeuza mchezo kuwa ulevi. Sisi tuliokota taka za ulevi tukazifanya mchezo.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inawakataza wauzaji kumvutia mnunuzi kwa zawadi au kwa nafasi ya kushiriki mchezo. Aidha, inakataza kuwauzia vileo walio chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, sheria hiyo haiwafikii marafiki waliojinunulia chupa zao na kukaa faraghani. Hapo mlinzi ni desturi peke yake.

Na desturi hiyo ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Baraza ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana asiye na kazi anaweza kuketi jioni nzima bila kutoa senti, akafunzwa na mzee, na akamshinda tajiri. Pombe ikiingia, kila kete itakuwa na bei, na asiye na pesa atakuwa mtazamaji tu. Katika mji ambao heroini imekwisha kuwapokonya wazazi wengi watoto wao, kuligeuza baraza kuwa mlango mwingine wa ulevi ni hasara isiyofidika.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuamua. Kete huliwa, na anayeila hubaki na akili zake, tayari kwa bao la pili.