Msaada Usiofika Mlangoni pa Maskini

Kobalti inayochimbwa huku kwetu, Kolwezi na pande zake, inakwenda kutiwa katika betri za motokari za umeme ng'ambo ya bahari. Basi yafaa tujue motokari zile zilinunuliwa kwa msaada wa nani, na msaada ule ulimfikia nani.

Mwaka 2022, Rais Joe Biden wa Marekani alitia sahihi sheria kubwa. Mtu akinunua motokari mpya ya umeme, aliweza kupunguziwa kodi mpaka dola 7,500. Ikiwa motokari imekwisha kutumika, mpaka dola 4,000. Aliyetengeneza nyumba yake, akiweka madirisha yasiyopitisha baridi au mashine ya umeme ya kupasha joto, alipunguziwa sehemu 30 kwa 100 za gharama, lakini si zaidi ya dola 3,200 kwa mwaka.

Kusudi lilikuwa jema: moshi upungue, na nyumba zisipoteze moto bure. Kusudi hatulikatai. Twakataa njia.

Kupunguziwa kodi maana yake nini? Anayedaiwa kodi nyingi hupata punguzo lote. Kwa kazi ya nyumba, anayedaiwa dola 500 alipata 500 tu, hata kama haki yake ilikuwa 2,000, zilizobaki zilipotea. Asiyedaiwa kitu hakupata kitu. Tena ilimpasa kwanza amlipe fundi kwa fedha yake mwenyewe, halafu angoje hesabu ya kodi ya mwaka unaofuata. Je, mjane mwenye mshahara mdogo angeitoa wapi fedha hiyo? Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Severin Borenstein na Lucas Davis, walipima misaada ya namna hii ya miaka 2006 mpaka 2012. Waliona kwamba sehemu moja kwa tano ya watu, ndiyo wenye mali zaidi, ilichukua karibu dola 60 katika kila 100.

Wengine watatujibu: tangu mwaka 2024 mnunuzi wa motokari aliweza kukatiwa bei palepale dukani, hata kama kodi yake ni ndogo. Ni kweli, na jibu hilo linawahukumu wenyewe. Njia ilijulikana! Kama iliwezekana kwa motokari, mbona haikuwezekana kwa dirisha na mlango?

Sasa yote yamekwisha. Sheria ya Rais Donald Trump ya tarehe 4 Julai 2025 ilifunga punguzo la motokari tarehe 30 Septemba mwaka ule, na la nyumba tarehe 31 Desemba, ingawa ahadi ilikuwa mpaka 2032. Mwenye mali alikwisha kula mapema. Maskini aliyekuwa akiweka akiba amefika, mlango umefungwa.

Twasema wazi: msaada unaopimwa kwa kodi ni kumwongezea chakula mwenye shibe. Kesho wakubwa wetu wakituletea sheria ya namna hii, tusiipigie makofi upesi. Tuulize kwanza: asiye na kitu atapata nini?