Fedha ya Umma na Vyama vya Huruma kwa Wanyama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watumishi wa serikali twaijua sana mithali hii, kwani kila senti ipitayo mikononi mwetu huandikiwa stakabadhi. Lakini ikitolewa fedha ya umma kwa chama cha kuwahurumia wanyama, wako wasemao, "Hawa ni watu wema, kuwakagua ni kuwavunjia heshima." Maneno hayo yataka kujibiwa, na jiji la New York katika Marekani latupa mfano.

Mwaka 1866 Bwana Henry Bergh alianzisha huko chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na baada ya muda si mrefu sheria ikawapa maofisa wake uwezo wa kuwashika wakatili. Mwaka 1894 chama kilikabidhiwa pia kazi ya kukamata mbwa wazururao na ya kutoa leseni za mbwa. Ada ya leseni hizo ilibaki kwa chama, haikuingia katika hazina.

Je, yafaa ada itozwayo kwa amri ya serikali iwe mali ya chama cha watu binafsi? Mwaka 1901 mahakama ya rufani ya jimbo hilo, katika shauri la chama kingine cha namna hiyo, ilisema haifai. Mwaka 1920 mahakama iliyo juu ya zote katika Marekani ilikubali ada za jijini, kwa sababu serikali yaweza kukitumia chama kuwa wakala wake.

Basi, ikiwa chama ni wakala, hapana budi kitoe hesabu kwa aliyekituma. Chama kile kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1994, ikashikwa na chama kingine kwa mkataba na jiji. Mwaka 2015 mkaguzi wa hesabu wa jiji alitoa taarifa iliyofichua, pamoja na kasoro nyingine, dawa zilizokwisha muda wake. Kama asingaliingia mkaguzi, nani angalisema? Mtu aliyedhulumiwa na karani aweza kuandika barua ya malalamiko; mbwa aliyefungiwa hawezi.

Kweli, ukaguzi ukizidi huchosha, na mganga wa wanyama aweza kutumia siku nzima kujaza karatasi. Tena serikali isiyotoa fedha ya kutosha haina haki ya kulaumu. Kwa hiyo yatosha mambo matatu: mkataba ulioandikwa, hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mkaguzi aruhusiwaye kuingia mabandani pasipo kutoa habari mbele. Chama kisichotaka haya na kiishi kwa sadaka za wapenzi wake, wala hapana atakayekilaumu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tuwasifu watu wa huruma kwa kazi yao, na daftari tulitazame vilevile.