Daftari Hili ni la Nani?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya kompyuta, lakini nachelea kuwa habari zingali zinapotea, na chanzo ni maneno.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiweka hesabu za chama kidogo cha akiba kwa programu ya kompyuta. Fedha zilipopelekwa benki, aliziandika debiti, kama nilivyomfunza. Taarifa ya benki ilipofika, fedha zizo hizo zilikuwa krediti. Akadhani amekosea, akageuza maingizo ya mwezi mzima.

Hakuwa amekosea. Benki huandika daftari lake, si letu. Amana yetu kwake ni deni. Katika mfumo alioueleza Luca Pacioli kitabuni mwake huko Venice mwaka wa 1494, kila kiasi huandikwa mara mbili. Debiti ni upande wa kushoto, krediti ni wa kulia. Debiti si hasara, wala krediti si faida.

Baadhi ya programu, kwa nia njema, huyaficha majina hayo. Akaunti hii husema “kuweka” na “kutoa”, ile “kuongeza” na “kupunguza”. Mwanafunzi akajua kubofya asijue anachoandika.

Walimu wenzangu, tuanze na karatasi na kalamu, kompyuta ifuate. Nanyi wanafunzi, kabla ya kufuta lolote, jiulizeni kwanza: daftari hili ni la nani?