Gari Kuukuu la Fahari na Mfuko wa Nyumbani

Maswali mengi yaletwayo katika ukurasa huu huhusu ujenzi wa nyumba, karo za watoto na ufugaji wa kuku. Lakini lipo swali moja ambalo askari wetu, hasa wale waliokaribia kustaafu, huliuliza mara kwa mara: je, yafaa kutoa sehemu ya kiinua mgongo kununua Land Cruiser VX kuukuu, gari lile ambalo zamani tuliliona likiwabeba mawaziri na majenerali, na ambalo leo laweza kupatikana kwa bei ya gari dogo lenye umri mdogo zaidi?

Jibu letu ni kwamba yafaa kwa mtu aliye tayari kulitunza kwa mikono yake mwenyewe na kwa daftari lake. Haifai hata kidogo kwa mtu anayetafuta tu kuangaliwa na majirani. Kiinua mgongo huja mara moja katika maisha ya mtumishi. Kikimezwa na injini iliyopasuka, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuziba pengo hilo, na watakaoumia kwanza ni watoto walioko shuleni.

KWA NINI BEI YAKE IMESHUKA

Magari tunayoyazungumzia ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ile iitwayo 80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na kuendelea katika nchi nyingi hadi mwaka 1997. Ya pili ni 100, iliyotoka mwaka 1998 hadi 2007. Hapa kwetu Uganda sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo VX ya namna hizi utakayoonyeshwa leo haikushuka melini jana. Ni gari ambalo limekwisha kukaa katika barabara zetu, mikononi mwa watu wetu, na historia yake yaweza kuulizwa na kufuatiliwa.

Bei ya kulinunua imeshuka, lakini gharama za kulitunza hazikushuka. Vipuri vyake vingali vipuri vya gari la thamani kubwa. Matairi yake ni makubwa, injini yake ya dizeli hunywa oili lita 9 hadi 11 kwa mara moja, na uzito wake hupita tani 2. Lilipokuwa jipya lilitunzwa na karakana ya wizara au ya shirika. Sasa wizara ni wewe.

Tutazame mafuta peke yake. VX ya 80 yenye injini ya dizeli na turbo huenda takriban kilomita 7 hadi 9 kwa lita moja. Yenye injini ya petroli ya lita 4.5 huenda kilomita 5 au 6, na katika msongamano wa Kampala hupungua zaidi. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270. Kwa gari la dizeli, kwenda na kurudi kwahitaji karibu lita 68. Kabla ya kuzungumza na muuzaji, kaeni mume na mke mezani, mzidishe lita hizo kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu nanyi, kisha mjiulize safari kama hiyo mtaifanya mara ngapi kwa mwaka.

GAWA FEDHA KABLA YA KUNUNUA

Kanuni ya ukurasa huu ni nyepesi. Fedha zote ulizotenga kwa ajili ya gari zigawe mafungu matatu yaliyo sawa. Mawili ni ya kununulia, na la tatu ni la matengenezo ya miezi ya mwanzo. Tuseme umetenga shilingi milioni 45: tafuta gari la milioni 30, na milioni 15 zibaki benki. Mtu anayetoa milioni zote 45 kwa muuzaji amenunua gari ambalo hawezi kulimiliki. Hata kama ni zuri, siku ya kwanza litakapodai mkanda na matairi atakimbilia mkopo.

Wako pia wanaonunua katika minada ya magari yaliyochakaa ya serikali. Si vibaya, ila kumbuka kwamba gari la mnada huuzwa kama lilivyo, na baada ya nyundo kugonga hakuna wa kumlalamikia. Siku za ukaguzi zinapotangazwa, nenda na fundi wako.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Mwambie muuzaji kwamba utafika asubuhi na kwamba asiiwashe injini kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto huficha mengi.

Kwanza, hati. Linganisha namba ya chasisi iliyo katika kitabu cha gari na ile iliyogongwa katika chuma chenyewe. Katika magari haya hupatikana kwenye mhimili wa kulia, upande wa mbele, karibu na gurudumu. Ikiwa chuma kimekwaruzwa au kuchomelewa mahali hapo, ondoka. Hakikisha pia kwa polisi kwamba gari halitafutwi, na katika usajili kwamba halikuwekwa rehani. Ndugu zetu polisi wanajua ni wangapi waliokwisha kupoteza gari na fedha pamoja kwa kuliruka jambo hili.

Pili, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye kutu nyingi au mafuta yanayoelea ni dalili mbaya. Fungua na kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili.

Tatu, iwashe. Moshi kidogo wa asubuhi si kitu, ila usiokoma una maana. Wa buluu wasema oili inaungua. Mweusi mwingi wasema dizeli haiungui sawasawa, pengine kwa sababu ya nozeli au filta ya hewa. Mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto waweza kuwa maji yanayoingia katika silinda.

Nne, liendeshe katika mlima mrefu kwa muda usiopungua nusu saa, jicho likiwa katika kipimo cha joto. Mshale ukipanda na kupita katikati, usinunue kwa ahadi ya kwamba ni themostati tu. Kama ni themostati tu, muuzaji angekwisha kuibadilisha.

Tano, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vaa nguo kuukuu, ulale chini ya gari na tochi. Tazama kutu katika chasisi, oili inayochuruzika kwenye giaboksi na difu, na mipira ya springi iliyopasuka. Katika namba 80, tazama nyuma ya magurudumu ya mbele, palipo na duara kubwa la chuma. Ukiona hapo uji mweusi wa grisi na oili umetapakaa, sili zimekufa na kazi ya kuzibadilisha si ndogo.

Yapo mambo mawili zaidi yanayohusu namna hizi hasa. Injini za kwanza za turbo za 80, zinazoitwa 1HD-T, zilijulikana kwa kula mapema beringi za konrodi, yaani zile zinazounganisha vyuma vya pistoni na krenki. Muulize mwenye gari kama zimekwisha kubadilishwa, naye aonyeshe risiti. Nazo baadhi ya 100 za kifahari zina mfumo wa majimaji unaoinua na kushusha gari kwa kubonyeza kitufe. Bonyeza uone kama lapanda na kushuka. Mfumo huo ukifa, kuufufua ni ghali, na wengi huishia kuuondoa na kuweka springi za kawaida.

KAZI ZA JUMA LA KWANZA

Umekwisha nunua. Usianze na redio wala rangi. Badilisha oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya difu za mbele na nyuma, pamoja na filta zote. Badilisha mipira ya maji iliyokauka, weka kulanti safi, na kagua breki za magurudumu yote manne.

Kisha uje kwenye taimingi belti, mkanda unaozifanya valvu na pistoni zifuatane bila kugongana. Katika injini za dizeli za magari haya yafaa ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ikiwa hakuna ushahidi wa maandishi kwamba ulibadilishwa, uhesabu kuwa haukubadilishwa. Ukikatika safarini, valvu hupigana na pistoni, na injini nzima huenda ikaharibika kwa ajili ya kipande cha mpira.

KAZI ZA MIKONO YAKO

Askari huifahamu bunduki yake kwa kuifungua na kuisafisha. Gari ni vivyo hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama maji, oili, upepo wa matairi, na ardhi iliyo chini ya gari. Tone jipya ni habari ya kufuatiliwa siku hiyo hiyo.

Kila kilomita 5,000 badilisha oili ya injini na filta yake, ufungue kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli ili maji yaliyojikusanya yatoke, na upige grisi katika shafti za mbele na nyuma. Wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda, toa filta ya hewa kila juma, uipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Kazi hizi zahitaji spana za kawaida, bomba la grisi na nusu siku ya Jumamosi, na kijana wako wa miaka 15 aweza kujifunza zote akiwa kando yako.

Lakini angalieni uhai wenu. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tani mbili hazitoi onyo. Ziba magurudumu kwa mawe, uweke stendi za chuma au magogo imara chini ya chasisi, ndipo ulale. Wala usifungue rejeta ya moto, kwa maana maji yatokayo huunguza uso na macho. Nayo pampu ya dizeli, nozeli, giaboksi na hedi ya injini mwachie fundi mwenye vyombo.

Adui mkubwa wa injini hizi ni joto. Mpira mdogo wa maji hupasuka mlimani, tuseme katika barabara ya kupanda Kabale, na mshale waanza kupanda. Dereva asema, "Nifike tu pale juu." Katika dakika hizo chache hedi hupinda au kupasuka, na kitu kilichokuwa cha gharama ndogo chageuka kuwa karo ya mwaka mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshale ukipanda, simama pale pale ulipo, zima injini, ungoje ipoe.

VIPURI

Katika Soko la Kisekka mjini Kampala utapata vipuri vya asili, vya kuiga, na vilivyotolewa katika magari mengine. Chukua kipuri cha zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi. Milango, vioo, taa na viti vilivyotumika havina ubaya. Mikanda, pedi za breki, beringi, mipira ya maji na pampu ya maji nunua vipya, tena vya asili, kwa sababu ndivyo vinavyobeba injini na roho za watu.

DAFTARI LA GARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja, likae nyumbani na si ndani ya gari, na mama wa nyumba awe na haki sawa ya kulisoma na kuliandika. Ndani yake ziandikwe tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, kipuri, bei na jina la fundi. Kila mwezi litengwe fungu la gari, kama mnavyotenga la chakula. Mwezi ambao gari halikuharibika, fungu hilo lisiguswe.

Mwisho wa mwaka fanyeni jumla. Ikiwa matengenezo peke yake, bila mafuta, yamezidi karo ya watoto wenu ya mwaka huo, liuzeni wakati lingali likitembea, maana gari linalotembea lina mnunuzi na lililolala lina vyura. Hapana aibu katika kuliuza, nalo daftari hilo hilo litawaongezea bei. Lakini ikiwa hesabu imekaa vizuri, VX iliyotunzwa hivyo yaweza kuwatumikia miaka mingi: kuwapeleka watoto shuleni, kufika shambani wakati wa mvua, na kumwahisha mgonjwa hospitalini usiku.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya matairi: jinsi ya kusoma tarehe iliyoandikwa ubavuni, na kwa nini tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limezeeka.