Fedha za Umma kwa Vijana Wetu: Ruzuku, Mkopo na Amana



Kila mwaka barua za kujiunga na vyuo vikuu zinapotoka, baadhi ya nyumba zetu za Mombasa, Kwale na Lamu hupokea jina ambalo wazee hawakupata kulisikia: Kabianga. Mama huuliza ni wapi, na kijana hujibu kuwa ni Kericho, huko bara kwenye chai. Maswali yafuatayo twayajua sote. Majirani ni watu gani? Usiku kuna usalama? Vijana wa huko waishi kwa kazi gani? Wiki hii tumeona tuyashike maswali mawili ya mwisho kwa pamoja, maana jibu la moja limo ndani ya jingine, huko na huku kwetu pia.

Kabianga ni wadi katika eneo bunge la Belgut. Shule yake ya serikali ilianza mwaka 1925, na Chuo Kikuu cha Kabianga kilipewa hati yake mwezi Machi 2013. Ukitoka penye majengo, ni chai. Kwa miaka mingi kijana wa Kericho aliyekosa karo au kazi ya ofisini aliweza angalau kujitwika kikapu akachume majani. Baadaye makampuni makubwa yakaleta mashine za kuchuma, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mei 2023 hasira zilifurika, mashine zikachomwa moto mashambani na roho ya mtu ikapotea.

Tusiseme kuwa hayo ni ya watu wa bara. Kisauni tumeona watoto wa umri wa kwenda shule wakishika mapanga, na katika mitaa yetu mikongwe tumezika vijana waliomalizwa na unga. Kijana asiye na kazi wala mahali pa kwenda baada ya alasiri hupata wa kumchukua, na anayemchukua mara nyingi si mwalimu wala imamu.

Ndiyo maana serikali hutenga fedha kwa ajili ya vijana na usalama wa mitaa, na ndiyo maana akina mama hatuna budi kuzijua. Fedha hizo zina milango mingi, na kila mlango una mwenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, tuuitao CDF, ulianza mwaka 2003 na ukaundwa upya kwa sheria ya mwaka 2015, ukipewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kuu. Kwa sheria hiyo, kazi yake ni mambo ya serikali kuu: basari, vituo vya polisi, ofisi za machifu. Taa za barabarani na vyuo vya ufundi vya vijana ni kazi ya serikali ya kaunti. Kikundi kikipeleka ombi la taa kwa mbunge na ombi la kituo cha polisi kwa gavana, kitazungushwa mwaka mzima, na lawama hazitakuwa za ofisi peke yake.

Mfuko nao haudumu milele. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria hiyo ya CDF inakwenda kinyume na Katiba, na ikaupa mfuko muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Mabishano ya kisheria tuwaachie mawakili. Funzo letu ni kuwa kikundi kilichojengwa juu ya mfuko mmoja tu huanguka pamoja nao.

Hivi karibuni vijana wengi wameulizia NYOTA, mradi unaowapa mtaji vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi miaka 35 kwa wenye ulemavu. Mpango ni vijana 70 kwa kila wadi, kila mmoja Sh50,000 kwa awamu mbili. Katika Sh25,000 za awamu ya kwanza, Sh22,000 huingia mkononi na Sh3,000 huwekwa akiba. Wadi ya Kabianga ina watu wake 70 kama zilivyo wadi za Likoni na Malindi. Hii ni ruzuku, hairudishwi na kijana. Lakini tujue imetoka wapi: sehemu kubwa ya fedha za mradi huu ni mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo huo utalipwa kwa kodi. Mama anayenunua unga dukani ni mmoja wa walipaji. Basi kijana akizichezea, ametumia mali ya watu ambao hata hawajazaliwa.

Ipo pia mikopo, na hapa nyumba zetu husita, tena kwa haki. Hustler Fund, ulioanzishwa mwishoni mwa mwaka 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mfuko wa Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu kati ya Sh50,000 na Sh500,000, nao hautozi riba bali ada ya uendeshaji ya asilimia 3. Je, ada hiyo yakubalika kisheria kwetu? Waulizeni mashekhe wenu kabla ya kutia saini, wala msikubali kujibiwa na wakala wa simu. Tatizo tulionalo ni vijana kuchukua fedha pasipo kujua ni zawadi au deni, kisha mzazi akaja kujua siku ya kudaiwa.

Upande wa usalama, wengi twajua Nyumba Kumi, utaratibu uliotoka kwa jirani zetu Tanzania na kushika kasi Kenya mwaka 2013. Tusilolijua ni kuwa Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 inaitaka kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama chini ya gavana, na ndani yake wawemo wawakilishi wa wanawake, vijana, wenye mahitaji maalumu na mashirika ya dini. Kericho ina haki ya viti hivyo, na Mombasa pia. Mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi ni nani anayeketi kwa niaba ya akina mama, na mara ya mwisho alileta habari gani mtaani.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, vijana wetu wasajili kikundi. Sheria ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, na hilo ni jambo dogo kwa mtaa wenye timu ya mpira au madrasa. Pili, mkutano wa wadi wa kupendekeza miradi ukiitishwa, tuende sisi wenyewe. Tukikosekana, mahitaji yetu yataandikwa na wasioyajua. Tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na akina mama wa pwani twalijua hilo kuliko ofisi nyingi. Katika michezo yetu ya kupeana zamu, kila senti ina jina na tarehe, na atakayechelewa hujulikana kabla ya magharibi. Uangalifu huo huo tuwafunze wana wetu wanaoshika fedha za umma: risiti ihifadhiwe, mizania isomwe mbele ya wote, na mweka hazina asikasirike akiulizwa.

Na yule mama ambaye mwanawe yuko Kabianga, amwulize akipiga simu kama amewajua vijana wa pale na kama wana kikundi. Mgeni anayecheza mpira na kupanda miti pamoja na wenyeji wake hulindwa na watu wanaomjua kwa jina. Hilo halihitaji ruzuku ya mtu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, wa pwani na wa bara, na atujaalie tuwe waaminifu kwa kila tulichokabidhiwa. Amin.